Pangi: juu ya nini fundi anafunga kitanda mara mbili

Katika teritware ya Pangi, kitanda cha mbao mara nyingi hakisafiri kizima. Kinatoka atelie kikiwa vipande: kichwa, miguu, mbao mbili ndefu za kando na fito za kulalia godoro, vyote vimefungwa kwa kamba nyuma ya baiskeli ao pikipiki. Kwa njia za Maniema wakati wa mvua, hakuna namna ingine. Kinakuja kufungwa nyumbani kwa mwenye kukinunua, na mara ingine ni hapo aibu inatokea. Ulimi wa mbao ya kando unakataa kuingia katika tundu la mguu, ao unaingia na kucheza kama jino la mtoto. Fundi anaomba nyundo, anapiga, mguu unapasuka. Avansi ilishatolewa, mbao imeharibika, na msumeno umebaki atelie, mbali kule.

Dawa yake ni kazi ya nusu saa: kufunga kitanda chote bila kola na bila msumari, kukiangalia, kukifungua tena, ndipo kukifunga kabisa. Mafundi wengi wazee wanafanya hivyo bila hata kuipa jina. Kijana mwenye haraka anairuka, akisema atarekebisha akiwa anafunga.

Lakini kola haingoji. Kola nyeupe ya mbao inaanza kukamata dakika chache tu kisha kupakwa, na kwa joto letu ni haraka zaidi. Ukigundua kosa wakati ule, unachagua kati ya kupasua na kuacha vibaya. Tena kola hiyo iko na maji ndani, kwa hiyo ulimi ukipakwa unavimba kidogo. Ulimi uliohitaji kupigwa kwa nguvu ukiwa mkavu hautaingia vizuri ukiwa na kola.

Kipimo ni hiki. Ulimi uingie kwa kusukuma na mkono, mwishoni nyundo ya mbao mara mbili ao tatu, polepole. Kisha inua mguu juu, mbao ikining'inia. Ikianguka yenyewe, iko legevu.

Na pale unapokataa kuingia, makala ya jikoni inasaidia. Saga kidogo, paka unga wake ndani ya tundu, ingiza ulimi, toa. Palipokuwa peusi ndipo panapogusa. Toa hapo tu, kwa sizo kali, kidogo kidogo, na ujaribu tena. Kosa la wengi ni kupiga rabo ulimi mzima pande zote, kumbe tatizo lilikuwa kwenye kona moja. Mbao iliyokatwa hairudi. Kuna wanaojaza pengo kwa unga wa msumeno na kola; huko ni kudanganya macho. Afadhali kubandika kibao chembamba cha mbao ileile juu ya ulimi, kikauke, ndipo ukate upya.

Kwa mlango, jaribio linaonyesha mambo mengine. La kwanza ni kona. Pima kwa kamba toka kona ya juu ya kushoto mpaka ya chini ya kuume, kisha zile kona zingine mbili. Vipimo vikipitana, mlango umelala upande, na hautafunga. La pili ni mpango wa kazi: kibao cha katikati kinaingia katika mfereji wake mbele ya mguu wa mwisho wa mlango. Aliyepaka kola kwanza na kusahau kibao, anajua mwenyewe alivyolia. Kibao hicho hakipakwi kola hata kidogo, na kinaachiwa nafasi ya milimita 2 ao 3 kila upande, sababu kinapanuka wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa jua.

Kila kitu kikikubali, tia alama mbele ya kufungua: A inatazama A, B inatazama B, kwa sizo ao kalamu, mahali pasipoonekana. Miguu minne inafanana, lakini kila tundu limezoea ulimi wake.

Mpango huu si wa vitanda peke yake. Meli Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa mwaka wa 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku karibu 5.000, ikaenda kwa bahari mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka Kigoma. Iliunganishwa upya kando ya ziwa na kuteremshwa majini Februari 1915. Kipande ambacho kingekataa pale Kigoma, nani angerudi Ujerumani kukichonga?

Linabaki jambo la mbao mbichi, na hapa jaribio la siku moja halitoshi. Mbao iliyopasuliwa juzi msituni inaingia vizuri leo, na kisha miezi mitatu ndani ya nyumba ulimi umesinyaa, kitanda kinalia usiku. Fundi mwenye subira anaanika mbao kivulini kwa muda mrefu; na akisha kufunga bila kola, anaacha vile wiki moja ao mbili chini ya paa, halafu anajaribu tena kwa mkono. Mwenye kutoa avansi anaweza kupita atelie siku hizo, kutikisa kitanda chake mwenyewe, kola ikiwa bado kwenye chupa.