Je, Wajua? Pampu Inayotupa Nje Dawa ya Saratani

Je, wajua kwamba kwinini, dawa ya malaria, iliwahi kutumiwa kuisaidia tiba ya saratani? Ukisimama Cyangugu, Rwanda, mji wa Bukavu uko mbele ya macho, ng'ambo ya mto Rusizi. Huko kiwanda cha Pharmakina kimezalisha kwinini kwa miongo mingi kutokana na magome ya mti. Katika miaka ya 1990 madaktari wa Ufaransa waliwapa wagonjwa wa saratani ya damu kwinini pamoja na dawa za kemo. Walitaka kuziba pampu.

Pampu yenyewe ni protini iitwayo P-glikoprotini, iliyoelezwa mwaka 1976 na Rudolph Juliano na Victor Ling huko Toronto. Hukaa kwenye utando wa seli. Dawa ikiingia, nayo huitoa, kama mvuvi wa Ziwa Kivu anavyochota na kumwaga maji yaliyoingia mtumbwini. Miongoni mwa dawa zinazotupwa hivyo ni doksorubisini, dripu nyekundu inayotumika sana katika saratani ya matiti. Huugeuza hata mkojo kuwa mwekundu, na muuguzi mzuri humwambia mama mapema asije akadhani ni damu. Dawa hii hung'aa chini ya darubini maalumu, hivyo watafiti hushuhudia wenyewe: seli inayoipokea huwaka, seli sugu hufifia.

Na saratani haikuibuni pampu hii! Jeni yake, ABCB1, iko kwenye kromosomu ya 7 ya kila mmoja wetu, na kazi yake ya kila siku ni kutukinga na sumu katika utumbo, ini, figo na ubongo. Baadhi ya seli za saratani huitumia jeni hiyo kupita kiasi. Ndiyo maana kuiziba ni kazi ngumu: ukiizuia kwenye uvimbe, unaizuia na pale mwili unapoihitaji. Majaribio ya kwinini hayakurefusha maisha ya wagonjwa kwa jumla.

Jeni iliyozidi kazi inaweza pia kuwa shabaha. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watano wa saratani ya matiti ana protini ya jeni HER2 nyingi mno, na tangu 1998 kuna dawa ya trastuzumabu inayoilenga. Lakini lazima kipande cha uvimbe kipimwe kwanza. Na safari ya kufikia matibabu inaweza kuwa ndefu: kituo cha saratani cha Butaro nchini Rwanda, kilichofunguliwa 2012, kiko Burera karibu na Uganda. Anayetoka wilaya ya Rusizi huvuka karibu nchi nzima.

Utafiti wa mwaka 2015 kuhusu wagonjwa 144 wa saratani ya matiti katika hospitali za Butaro na Rwinkwavu ulionyesha kwamba kwa nusu yao ilipita miezi 15 au zaidi tangu dalili ya kwanza hadi ugonjwa kutambuliwa. Wakati huo wote, kila seli ya saratani inapogawanyika, nafasi ya kuzaliwa seli sugu huongezeka. Tusiwalaumu akina mama peke yao: nusu ya wagonjwa hao walisubiri miezi 5 au zaidi baada ya kuwa wameshafika kwa mhudumu wa afya.