Kwa Nini Kompyuta Ilisema "Hakuna"

Mhariri kaniomba nieleze jambo la kompyuta kwa lugha ya kueleweka, basi naanzia chumbani kwetu hapa Mesaimeer, kusini mwa Doha.

Alhamisi moja jioni mdogo wetu wa mwaka wa kwanza aligundua pasipoti yake haipo. Ndege yake ilikuwa Jumamosi usiku, anawahi arobaini ya bibi yake. Ijumaa na Jumamosi ofisi za huku zimefungwa. "Kaka, hakuna mwenzetu aliyewahi kupatwa na haya?" aliniuliza. Nikafungua kompyuta tunamohifadhi barua na maelezo ya wanachama wa miaka yote, nikaandika: potea pasipoti. Jibu: hakuna. Safari akaikosa.

Wiki mbili baadaye, nikitafuta jambo jingine kabisa, nikaikuta barua ya zamani: "Nilipotelewa na hati ya kusafiria..." Mwandishi kaeleza kila hatua. Aliripoti polisi, akapiga simu ya dharura ya ubalozi wake, akapewa hati ya muda siku ile ile ya mapumziko. Jamani, jibu tulikuwa nalo! Niliona haya.

Sasa kosa lilikuwa wapi? Programu ya kutafuta haisomi kama mtu. Kabla hujaiuliza, imekwisha kupitia maandishi yote na kutengeneza faharasa, kama ile ya mwisho wa kitabu: kila neno na mahali lilipo. Neno kwake ni herufi zilizo kati ya nafasi mbili, basi. Kwa hiyo "potea" na "nilipotelewa" kwake ni maneno mawili yasiyojuana.

Kiingereza nacho kina shida hii, ila ni ndogo, kwa sababu maneno yake hubadilika zaidi mwishoni. Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha kanuni za kukata miisho hiyo, na programu nyingi zikazifuata. Kiswahili chetu kinavaa kofia na viatu: "nili" mbele, "lewa" nyuma, na "pote" imejificha katikati. Ukikata nyuma tu unabaki na "nilipote", bado hujafika.

Watunga kamusi walilijua hili zamani. Kamusi ya Johnson ya 1939 iliweka nomino nyingi chini ya vitenzi vilivyozizaa. Na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza tangu miaka ya 1980 kutengeneza programu ya kuchambua neno la Kiswahili mpaka kwenye mzizi wake.

Sisi tulifanya la uwezo wetu. Kwanza, programu sasa inatafuta hata kipande kilicho ndani ya neno. Andika "pote", utapata ilipotea, nimepoteza, nilipotelewa na upotevu. Lakini utaletewa pia "popote" na "mahali pote"! Dawa yake ni kuongeza neno la pili, na barua zenye yote mawili zije juu.

Pili, tuliandika orodha ya maneno ndugu: pasi, pasipoti, paspoti, hati ya kusafiria. Ukitafuta moja, yote yanatafutwa. Hapa mzizi hausaidii kitu. Ni sisi wenyewe, Watanzania, Wakenya na Waganda, tunaoita kitu kimoja kwa majina mengi.

Tatu, kila utafutaji uliotoka mikono mitupu unahifadhiwa, bila jina la mtafutaji. Orodha hiyo ndiyo iliyotufunza zaidi. Kwa kila "hakuna" tunajiuliza: kweli hakuna, au tumeliita kwa jina jingine?

Hata hivyo, mtu akiandika tu "sikuiona tena", programu itafanya nini? Kwa hiyo nakuomba, ukiandika, weka kichwa cha habari chenye maneno ambayo mtu mwenye shida angeyatumia.

Juzi nilijaribu tena, "pote pasipoti", na ile barua ikatokea ya kwanza. Mdogo wetu alikuwa pembeni na chai yake ya karaki. Aliisoma mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, na mimi niandike yangu?"

Akaiandika. Kichwa chake: "Nimepoteza pasipoti Alhamisi jioni, nifanye nini?"

Wasalaam.