Spika Ndefu kwa Chumba Kidogo: Pesa Iende Wapi?

Ukipita Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, spika zinazovuta macho ni zile ndefu za kusimama sakafuni, zinazokufika kiunoni, koni tatu au nne zimepangana mbele. Muuzaji anafungulia besi, kifua kinatetemeka, na hapo hapo unaanza kupapasa mfukoni. Ila duka lile liko wazi upande wa barabarani, besi inatoka mlangoni na kwenda zake. Chumba chako cha mita 3 kwa 4, kuta za tofali na sakafu ya vigae, hakina pa kuitolea.

Hesabu yenyewe si ngumu. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde. Zidisha urefu wa chumba kwa mbili, kisha gawanya 343 kwa jibu hilo, utapata mtetemo ambao chumba chenyewe huukuza. Kwa mita 4 ni kama hezi 43, yaani mitetemo 43 kwa sekunde. Kwa mita 3 ni kama 57. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la kawaida hulia kwenye hezi 41. Ndiyo maana mpiga besi wa rumba akishuka chini, noti moja inavuma mpaka vioo vya dirisha vinacheza, na inayofuata inasikika kwa mbali utadhani mwenyewe kaenda kunywa maji. Spika haina kosa. Lakini kadiri inavyoweza kushuka chini ndivyo inavyozidi kuichokoza hiyo kasoro ya chumba, nawe umelipia ziada ili upate kero.

Tazama mfano wa Sony. SS-CS3 ni ndefu, SS-CS5 ni ndogo ya kuwekwa juu ya stendi, na ni ndugu wa tumbo moja: wufa (koni za besi) za sentimita 13, twita (ya sauti nyembamba), na kitwita kingine kidogo juu yake. Ile ndefu imeongezewa wufa moja na boksi kubwa, basi. Jozi yake huuzwa karibu mara mbili ya jozi ya ndogo. Tena angalia vizuri, maana CS3 mara nyingi huwekwa bei ya spika moja, si jozi; wengi hushangilia kabla hawajasoma. Halafu kuna usafiri. CS3 moja ina kilo 11 na ushee, CS5 kilo 4 na kitu, na mzigo wa ndege hutozwa kwa kilo au kwa ukubwa wa boksi.

Watetezi wa spika ndefu watakwambia ndogo inadai stendi, na stendi nzuri nayo ni ghali. Ulaya ni kweli. Huku kwetu fundi wa kuchomelea atakukatia mabomba ya mraba, aweke bamba juu na chini, wewe uyajaze mchanga mkavu yasilie. Mwambie kimo cha sentimita 60 au 65, ili twita ije usawa wa masikio yako ukiwa umekaa.

Kama moyo bado unataka ndefu, sikukatazi, zinapendeza. Chukua nyembamba yenye wufa za inchi 5 au 6.5, tundu la besi liwe mbele, kwa sababu katika chumba kidogo mgongo wake utakaribia ukuta upende usipende. (Tundu lenyewe ni makazi mazuri ya mende, tafuta kitambaa cha wavu.) Kitako kiwe kipana, hasa nyumba yenye watoto. Na usinunue kwa kuhesabu koni. Polk T50 ina duara tatu kubwa, lakini wufa ya kweli ni moja tu. Mbili nyingine hazina koili, zinasukumwa na hewa ya ndani ya boksi. Huo si utapeli, ni ufundi halali, ila usilipe bei ya wufa tatu.

Kwenye amplifaya ndiko watu wanakoibiwa zaidi. Kibandiko mbele kinasema wati 1,000. Geuza nyuma usome umeme inaokula. Ikiwa ni wati 60, hizo 1,000 ni hadithi. Kwa kukaa mita mbili na nusu kutoka kwenye spika, amplifaya ya kweli ya wati 30 hadi 50 kwa kila upande inatosha na kubaki. Ukiagiza kutoka Marekani hakikisha inakubali volti 230 au 240, maana ya kwao ni 120.

Tukirudi kwenye spika, mtumba wa Uingereza una vitu vizuri kuliko vipya vingi vya bei hiyo hiyo. Bonyeza taratibu ukingo wa koni: mpira ni salama, lakini sponji ya zamani humeguka kama keki, hasa kwenye joto la pwani. Fundi anaweza kuibadilisha, kwa hiyo gharama yake itoe kwenye bei.

Uamuzi wangu ni huu. Chumba kikiwa na upande mrefu usiozidi mita 4, nunua jozi ndogo, stendi za fundi, na chenji iende kwenye zulia nene na mapazia mazito. Hayo hayatibu besi, lakini mwangwi wa vigae utapungua zaidi kuliko ambavyo ungepunguzwa na spika yoyote. Ukiwa na mita 5 kwenda juu, na nafasi ya kuzisogeza nusu mita kutoka ukutani, chukua ndefu.