Masikio Mawili Yatosha

Mcheza bao hushinda kwa macho na hesabu. Kete zote zi mbele yake, hapana iliyojificha, na hata akiwa kiziwi aweza kumfunga bingwa wa mtaa mzima. Mchezo wa kompyuta hauko hivyo. Katika michezo ya mapambano ambayo vijana wetu huicheza hata usiku wa manane, kama Counter-Strike na Valorant, watu watano hupambana na watano wenzao, na adui aghalabu husikika kabla hajaonekana. Hatua zake nyuma ya ukuta, mlio wa bunduki anapoitia risasi, kishindo chake anaporuka kutoka juu ya sanduku: yote hayo ni habari, na anayeipata habari mapema ndiye anayesalimika.

Ndipo ikawa, wasomaji wapenzi, kijana akishapata kompyuta, jambo la pili analomwomba babake ni hedifoni. Na baba, ambaye ujuzi wake wa sauti ni wa redio na kaseti za taarabu, hufika dukani akazikuta zimetundikwa ukutani, nyingine zina taa za kila rangi, nyingine zimeandikwa tarakimu asizozielewa. Mwisho huchagua kwa mojawapo ya njia mbili: ama ile rahisi kuliko zote, ama ile inayong'aa kuliko zote. Njia zote mbili zina hasara. Makala haya nayaandika kwa ajili ya baba huyo na mwanawe, nami nitaanza na sikio lenyewe, kwani asiyelijua sikio hawezi kulinunulia kitu.

Sikio hujuaje upande?

Sisi tuliopita chuoni twakumbuka jinsi mwalimu, akiwa amezungukwa na watoto thelathini wanaosoma kwa sauti, kila mmoja na sura yake, alivyoweza kuinua kichwa na kumnyoshea kidole yule wa nyuma kabisa aliyekosea herufi. Hakuwa na uchawi. Alikuwa na masikio mawili na mazoezi.

Mtaalamu mmoja wa Kiingereza, Lord Rayleigh, aliieleza siri hiyo mwaka 1907. Sauti ikitoka kuliani hulifikia sikio la kulia kwanza, kisha la kushoto. Tofauti ya muda huo ni ndogo ajabu, haizidi sana sehemu saba katika elfu kumi za sekunde moja, lakini ubongo huihisi. Tena kichwa chenyewe huwa kama ukuta, kikaifanya sauti ifike dhaifu kwenye sikio la mbali, hasa sauti nyembamba. Na yale makunjo ya nje ya sikio, ambayo wengi hudhani ni pambo tu, hubadilisha sauti kidogo kulingana na inakotoka, tukajua kama ni juu au chini, mbele au nyuma.

Maana yake ni nini kwa mnunuzi? Maana yake ni kuwa Mola ametupa masikio mawili, na kwa masikio hayo mawili twasikia pande zote. Hedifoni nayo, ikiwa na spika mbili zilizo nzuri, moja kila upande, inacho kila kinachohitajika.

Hadithi ya saba nukta moja

Mwana wa ndugu yangu alinijia siku moja barazani na kipande cha karatasi.

"Ami," akaniambia, "nataka hedifoni ya saba nukta moja."

"Saba ni nini, na hiyo moja ni nini?" nikamuuliza.

Akacheka. "Ami, sijui. Lakini wenzangu wote ndiyo wanayoitaka."

Jawabu ni hili. Tarakimu hizo zatoka kwenye vyumba vya kutazamia sinema, ambako spika saba huwekwa kumzunguka mtazamaji, na moja zaidi ya sauti nzito. Katika hedifoni nyingi zenye maandishi hayo hamna spika nane. Mna mbili tu, na kompyuta ndiyo inayofanya hesabu ya kuigiza zile nyingine, kwa kuchelewesha na kuchuja sauti kama vile kichwa na sikio lingefanya. Hesabu hiyo si uongo, na ikifanywa vizuri yasaidia. Lakini haihitaji hedifoni ya namna ya peke yake. Windows, tangu mwaka 2017, inayo ya kwake bila malipo, jina lake Windows Sonic. Counter-Strike na Valorant zina zao pia, ndani ya mchezo wenyewe.

Basi hapa pana onyo. Ukiwasha hesabu ya mchezo, zima ya Windows na ya hedifoni. Mbili zikifanya kazi pamoja, sauti huchujwa mara mbili, na adui aliye nyuma yako utamsikia hata hujui yuko wapi. Mchuzi ukishatiwa chumvi na mama, dada asirudie.

Tarakimu nyingine za kwenye sanduku nazo zisikutishe. Mwanadamu mzima wa afya husikia kuanzia mitetemo 20 kwa sekunde hata 20,000, na kadiri umri unavyokwenda ile ya juu hupungua. Hedifoni inayojisifu kufika 40,000 yamwimbia popo. Vilevile upana wa spika, milimita 40 au 50, hauonyeshi ubora. Spika ndogo iliyotengenezwa kwa ustadi hushinda kubwa iliyotengenezwa ovyo. Na mdundo mzito unaotikisa kichwa, ambao wauzaji huusifu sana, ndio adui wa mchezaji, kwa sababu huzifunika hatua za miguu.

Wazi au iliyofungwa?

Swali la kwanza la haki ni hili: hedifoni iwe wazi mgongoni au iwe imefungwa? Iliyo wazi ina matundu kwa nje, hewa hupita, na sauti hutoka kwa upana kana kwamba yatoka chumbani wala si kichwani. Wachezaji wengi huipenda kwa sababu hiyo. Katika joto letu la pwani, mwezi wa Februari, ina fadhila nyingine: sikio haliloi jasho. Tena mama akiita kutoka jikoni, au adhana ikiadhiniwa, kijana atasikia, wala hana udhuru. Sennheiser HD 560S, iliyotoka mwaka 2020, ni mfano wa aina hii.

Lakini iliyo wazi haizuii kelele za nje, nayo huvujisha za ndani. Kijana anayecheza katika duka la michezo lenye mashine kumi, au chumba chenye feni kubwa na wadogo zake watatu, atalazimika kuongeza sauti ili azishinde kelele, na hapo ataanza kujidhuru. Huyo na achague iliyofungwa, kama Audio-Technica ATH-M50x au Beyerdynamic DT 770 Pro. Ikiwa mito yake ni ya kitambaa laini badala ya ngozi ya bandia, jasho litapungua, na ile ngozi ya bandia kwa chumvi na unyevu wa kwetu huanza kubanduka upesi. Uliza kabla ya kulipa: je, mito hii hubadilishwa? Waya nao hutoka? Vitu hivyo viwili ndivyo vinavyokufa kwanza, na hedifoni isiyobadilishwa vipuri ni mgeni wa msimu mmoja.

Waya, hewani, na nguvu ya umeme

Kabla ya mwaka 1989 kompyuta nyingi za kawaida zilikuwa na kispika kimoja kidogo cha kulia "pii, pii". Mwaka huo kampuni ya Creative ya Singapore, iliyoasisiwa na Sim Wong Hoo, ilitoa kadi ya sauti ya Sound Blaster, na kompyuta ikapata koo. Siku hizi karibu kila kompyuta huja na sauti yake ndani, kwa hivyo usikimbilie kununua kadi. Nunua hedifoni nzuri kwanza. Ukisikia mvumo au mkwaruzo hata mchezo ukiwa kimya, hapo ndipo ununue kijikadi kidogo cha nje cha kuchomeka kwenye USB.

Tazama pia kipimo cha omu. Hedifoni ya omu 32 huendeshwa vyema na kompyuta yoyote. Hiyo DT 770 Pro niliyoitaja hutengenezwa kwa omu 32, 80 na 250; ile ya 250 ukiichomeka kwenye kompyuta ndogo ya mapajani yaweza kukupa sauti ya chini, ukadhani ni mbovu, kumbe inataka amplifaya. Na kama plagi yako ni moja yenye pete tatu, ilhali kompyuta ya mezani ina matundu mawili, la kijani la kusikia na la waridi la kusemea, utahitaji kiungo cha kuigawa. Ni kitu kidogo, lakini bila hicho maikrofoni haitafanya kazi.

Ama zisizo na waya, ni za namna mbili, na tofauti yao ni kubwa. Ile yenye kidude chake cha USB huileta sauti upesi, mchezaji hahisi kuchelewa. Ile ya Bluetooth ya kawaida huchelewa, mara nyingi zaidi ya sehemu moja katika kumi za sekunde, na katika mchezo muda huo ni mwingi. Tena ukiwasha maikrofoni yake, sauti unayoisikia mara nyingi hugeuka kuwa kama ya simu ya zamani. Bluetooth ni ya kusikilizia mawaidha na taarabu njiani. Mpya zaidi zinaanza kuutibu ugonjwa huo, lakini kompyuta na hedifoni lazima zote mbili ziwe na utaratibu huo mpya.

Kuhusu maikrofoni, si lazima iwe imeshikana na hedifoni. Kwa fedha zile zile, hedifoni ya kusikilizia muziki pamoja na maikrofoni ndogo ya kubandika mara nyingi hushinda hedifoni iliyoandikwa "ya michezo". Iweke pembeni mwa mdomo, si mbele yake, ili pumzi isivume.

Dukani usione haya

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliuziwa hedifoni yenye jina kubwa kwa bei ya kushangaza, na baada ya wiki tatu upande wa kushoto ukanyamaza. Jina lilikuwa la kampuni. Vitu vya ndani vilikuwa vya mtu mwingine. Basi omba uivae dukani kwa dakika kumi na tano kamili. Kama mwanao huvaa miwani, aivae na miwani. Msikilizishe kisomo au wimbo anaoujua vizuri, kwani sikio hupima kwa kile lililokizoea. Hakikisha kulia ni kulia na kushoto ni kushoto. Chukua risiti yenye muda wa dhamana. Mwenye duka mwaminifu hatachukia.

Kisichorudi

Nimekiacha kikubwa mwisho. Ndani ya sikio mna chembe zenye vinywele vidogo sana vinavyoipokea sauti. Kelele nyingi huviua, na vikifa haviоti tena. Hapana dawa inayovirudisha. Dalili ni mlio wa "nziii" masikioni baada ya kucheza, au kuanza kumwambia kila mtu "ati nini?".

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo: sauti ya desibeli 80 kwa mtu mzima isizidi saa 40 kwa juma, na kwa mtoto iwe desibeli 75. Kila zikiongezeka desibeli tatu, muda hukatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa tano. Kijana anayecheza saa nne kila usiku kwa sauti ya 89 humaliza fungu lake la juma zima kabla ya usiku wa pili kwisha. Mwaka 2025 shirika hilo, pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, lilitoa kanuni za usikilizaji salama zinazohusu michezo hii hasa, kwa kuwa milio ya bunduki na mabomu huruka ghafla juu ya sauti nyingine zote.

Kwa hivyo, wazazi, mkishalipa msiondoke. Iwekeni sauti isizidi asilimia 60 ya mwisho wake. Punguzeni sauti nzito kwenye mpangilio wa kompyuta, na hatua za miguu zitasikika bila kupandisha chochote. Kila baada ya saa moja, kijana aivue, ainuke, anywe maji. Mchezaji bora ni yule atakayekuwa bado anasikia hatua za adui akiwa na miaka arobaini, na sauti ya wajukuu akiwa na sabini.

Namwachia kijana ubeti huu, autie karibu na kioo cha kompyuta yake:

Sikio halina soko, hulinunui dukani,
Litunze lingali lako, lisije likawa duni,
Utakapokuwa huko, mchezoni shughulini,
Makelele yawe mwiko, usiyatie kichwani.