Mweusi wa Olmotonyi, mweusi wa Embakasi

Swali huja na picha ya simu. Lundo la udongo mweusi limekaa kando ya mtaro wa msingi huko Olmotonyi, miteremkoni mwa Mlima Meru, na chini ya picha yapo maneno yaleyale: "Mtaalamu, huu si udongo wa pamba? Niuzoe wote nilete moramu?" Wahandisi wa udongo wameshalichoka swali hili. Kinachowauma ni kwamba mwenye nyumba anakaribia kulipia malori ya moramu kwa sababu ya rangi, wakati kwa fedha hiyo chumba kimoja kingeshaezekwa.

Imani yenyewe ni fupi: mweusi mbaya, mwekundu mzuri. Haikutoka hewani. Jijini Nairobi kanuni hiyo inafanya kazi. Embakasi na kuelekea Athi River kuna udongo wa pamba, magharibi kule Kabete kuna udongo mwekundu wenye kina, na fundi aliyejenga pande zote mbili ana haki ya kuamini macho yake. Kosa ni kuipandisha kanuni hiyo Mlima Meru.

Udongo wa pamba huumbika tambarare na mabondeni, maji yanakotuama. Una mfinyanzi wa jamii ya smektaiti, ambao hunywa maji ukavimba, kisha hukauka ukaacha nyufa za kupitisha mkono. Kuvimba na kusinyaa huko ndiko kunakopasua kuta. Weusi hauna hatia yoyote. Tena udongo huo una mboji kidogo tu.

Olmotonyi ni habari nyingine kabisa. Meru, mita 4,566, ni volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, na miteremko yake imevikwa majivu ya milipuko ya zamani zaidi, yaliyooza taratibu chini ya mvua na msitu. Hapa weusi ni mboji. Ndani ya udongo wa namna hii mna alofani, chembe ndogo mno zenye uwazi katikati, zinazoshika maji mengi. Ndiyo maana ni mwepesi ajabu: mita moja ya ujazo, ikipimwa bila maji yake, haifiki kilo 900, yaani ni nyepesi kuliko maji yenyewe. Anayejenga juu yake asihangaike na kuvimba. Aogope kudidimia, na aogope kuuvuruga.

Hapo ndipo lundo linapodanganya. Udongo wa majivu ukishakaushwa na jua haurudi ulivyokuwa, hata uloweshwe kutwa nzima. Wiki mbili baada ya kuchimbwa unaweza kuonekana kama mchanga safi, na fundi akausifu. Donge lililotolewa sasa hivi chini ya mtaro linateleza kama sabuni, na likibanwa kwa nguvu linalegea ghafla na kutoa maji. Nyumba itakaa juu ya hili la pili. Kupima lundo ni kumpima mtu mwingine.

Hata maabara hubabaishwa. Karl Terzaghi, ambaye wahandisi humwita baba wa fani ya udongo, aliandika mwaka 1958 kuhusu bwawa la Sasumua, Nyandarua, lililojengwa kwa mfinyanzi wa volkano. Vipimo vya kawaida viliutia shaka udongo ule, lakini ulivyoshindiliwa ulikuwa imara. Terzaghi alieleza kwamba madini ya haloisaiti yalikuwa yameshikana katika vibonge vigumu, na vibonge hivyo ndivyo vilivyobeba kazi. Bwawa hilo huipelekea Nairobi maji.

Anayetaka kujua kama udongo wake unavimba aache kuutazama, auloweke. Asage donge kavu, alichekeche, atie kipimo sawa katika chupa mbili nyembamba zinazoonyesha ndani: moja maji, moja mafuta ya taa. Akoroge, aache saa 24. Mfinyanzi hauvimbi ndani ya mafuta ya taa. Udongo wa kwenye maji ukisimama juu zaidi kwa nusu nzima ya kimo cha ule wa kwenye mafuta, au kupita, hiyo ni dalili ya udongo wa pamba, uwe mweusi, wa kijivu au mwekundu. Ukilingana, hadithi ya pamba iishe hapo.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi kusema. Chimba hadi mizizi na weusi wa mboji viishe. Nondo ya milimita 12 ikizama kwa mkono sakafuni mwa mtaro, endelea chini. Mwaga zege siku hiyohiyo, mtaro usikauke wala usinyeshewe. Panua kitako cha msingi, funga mkanda wa zege wenye nondo juu yake. Chini ya jamvi rudisha udongo wa tabaka za chini tu, ungali na unyevu wake, kwa matabaka ya sentimita 15 yaliyoshindiliwa moja moja. Kumwaga wote na kuusubiri "ushuke na mvua" ni kununua nyufa. Moramu inunuliwe kwa kipande kilichokataa kushindilika tu. Maji ya bati yaende mbali na ukuta. Sampuli ya maabara ifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa, na fundi wa maabara aambiwe mapema asiitie kwenye oveni kabla ya vipimo. Na ile futi ya juu, nyeusi kuliko zote, isikae chini ya nyumba wala isibebwe na lori: migomba iko hapohapo nyuma ya kiwanja.