Bwawa likianza kufa, anza na maji

Mara nyingi bwawa la tilapia halifi ghafla. Kwanza samaki hususa chakula, kisha wawili watatu hukutwa wanaelea asubuhi, na mwenyewe akivua anapata vidagaa vya urefu wa kidole. Mwenye bwawa wa hapa kwetu Alunguli, nchini Kongo, akifika hapo huwa na tiba mbili kichwani: anunue vifaranga wapya, au amwage samadi zaidi. Zote mbili huongeza walaji wa hewa ndani ya maji ambayo hewa imeshapungua.

Nenda bwawani kabla jua halijachomoza. Ukikuta samaki wamejipanga juu ya maji, midomo wazi, wanahema, tatizo ni oksijeni. Rangi ya kijani ya bwawa ni mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mchana mimea hiyo hutoa oksijeni. Usiku nayo huitumia, pamoja na samaki na uchafu unaooza chini. Ndiyo maana saa ya alfajiri ndiyo mbaya kuliko zote. Siku hiyo usilishe wala usitie samadi. Ingiza maji mapya kutoka mferejini, na yaache yaanguke kutoka juu ili yachanganyike na hewa.

Saa sita mchana pima kwa mkono. Uzamishe wima, kiganja kimekunjwa. Kiganja kikipotea machoni maji yakiwa karibu na kiwiko, bwawa lina chakula cha kutosha. Kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, mbolea imezidi. Ukikiona hadi maji yanafika kwapani, bwawa lina njaa. Kipimo hiki ni cha maji ya kijani tu. Maji mekundu ya udongo baada ya mvua yatakudanganya.

Samaki waliodumaa wana sababu nyingine. Tilapia huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, hivyo bwawa hujaa watoto na chakula kile kile hugawanywa kwa vinywa vingi. Tatizo hili ni la zamani nchini Kongo. Miaka ya 1950 Wabelgiji walihimiza uchimbaji wa maelfu ya mabwawa ya vijijini, na kituo cha Kipopo, karibu na Lubumbashi, kilifanya utafiti juu ya tilapia. Hata hivyo mabwawa mengi yaliachwa, na samaki wadogo walikuwa miongoni mwa sababu. Dawa ni kuvua bwawa lote, kuchagua vifaranga wenye afya, na kurudisha wawili tu kwa kila mita ya mraba. Tilapia wakishakua kidogo, waongezee kambale wachache, wadogo kuliko wao, ili wawale watoto watakaozaliwa.

Kazi hiyo ifanyike kiangazi, Juni hadi Agosti. Toa maji yote, kisha ondoa tope jeusi linalonuka kama yai viza, maana ndilo linalokula oksijeni. Lipeleke kwenye bustani ya mboga. Acha jua likaushe sakafu mpaka ipasuke. Udongo wetu mwekundu una asidi, na katika asidi samadi haifanyi kazi vizuri. Nyunyiza kilo 10 hadi 20 za chokaa ya kilimo kwa kila ari, yaani mita za mraba 100. Chokaa ikikosekana, majivu ya jikoni husaidia, ila yanatakiwa mengi zaidi. Samadi isubiri wiki mbili baada ya chokaa.

Ukishajaza maji, funga mlango wa kuingilia. Maji yanayopita bila kukoma hubeba mbolea yote na kuipeleka kwa jirani wa chini. Ongeza tu yale yaliyokauka au kuvuja. Pumba za mpunga na majani ya muhogo yape kwa kiasi kinachokwisha mbele ya macho yako, kwa sababu kinachobaki kitaoza. Vifaranga wasiingie mpaka kipimo cha mkono kikupe jibu la kiwiko.