Wanaotuhudumia Wakalale Wapi?

JE, mpenzi msomaji, umewahi kujiuliza ni nani hufagia barabara unayopitia kila asubuhi? Ni nani hufungua lango la jumba la ofisi unamofanya kazi, akasugua ngazi, akamwaga takataka za jana na kuhakikisha vyoo vina maji kabla hujafika? Na wewe mwanafunzi wa chuo, ni nani huamka usiku wa manane kukanda unga wa chapati unazozila mbiombio kabla ya somo la saa mbili?

Wengi wetu hatuwajui watu hawa kwa majina. Twawaita kwa kazi zao: yaya, bawabu, dobi, topasi, utingo. Huwaona tu siku wanapokosa kuja. Yaya akichelewa nusu saa, nyumba nzima huenda mrama. Baba hajui soksi za mtoto ziliko, mama anakosa gari la kwenda ofisini, naye mtoto anaingia darasani na njaa. Wazoa taka wakisusia kazi kwa siku tatu, jiji zima huziba pua.

Hata hivyo, ni watu hawa hawa ambao mishahara yao ni ya chini kabisa, na ambao hatuna habari wanakolala. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hebu leo tujaribu kukikaribia kitanda hicho.

Hesabu isiyolingana

Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 1, 2024, ilisema kwamba mfanyakazi wa mkono, mfagiaji au mtumishi wa nyumbani katika majiji kama Nairobi, Mombasa na Kisumu asilipwe chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Juu ya hizo huongezwa asilimia 15 kuwa marupurupu ya nyumba, yaani shilingi 2,417 hivi. Jumla inakuwa kama shilingi 18,530. Nakuachia wewe ujiulize iwapo yule anayekufulia nguo na kukulelea mtoto hupata hata hizo.

Sasa tuseme mfagiaji mmoja anafanya kazi katikati ya jiji la Nairobi, naye amepanga chumba pembezoni, huko Ruai au Ruiru, kwa sababu huko ndiko kodi inakostahimilika. Tuseme hulipa nauli ya shilingi 80 asubuhi na shilingi 100 jioni, mvua isiponyesha. Kwa siku 26 za kazi, nauli pekee ni shilingi 4,680. Kumbuka kwamba marupurupu yake ya nyumba ni shilingi 2,417. Nauli imeyameza yote na bado inadai karibu kiasi kingine kama hicho kutoka kwenye pesa za unga. Kodi yenyewe hatujaigusa, wala karo, wala mafuta ya taa.

Ndiyo maana wengi huamua kutembea. Amka mapema siku moja, usimame kando ya Barabara ya Jogoo au ile ya Ngong kabla ya jua kuchomoza. Utaona misururu ya watu wakienda hatua za haraka, wengine wamebeba viatu vya kazini katika mfuko wa karatasi ili visichakae. Wapo pia wanaofuata reli kutoka Kibera hadi Eneo la Viwanda. Hawafanyi mazoezi ya mwili hao. Wanafanya hesabu.

Umbali hula saa vilevile. Bawabu wa usiku aliye na lindo la saa kumi na mbili, akitumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, amebakiwa na saa nane za kula, kuoga, kulala na kuwaona watoto wake. Yaya anayetakiwa abishe hodi saa kumi na mbili asubuhi huwaacha wanawe wakiwa bado usingizini, chini ya ulinzi wa dada yao wa darasa la tano au kwa jirani anayelea watoto wengi katika chumba kimoja. Anakwenda kumlea mtoto wako ili wewe uweze kwenda kazini. Wake nani anamlea?

Ramani yasema kweli

Mara nyingi tunazungumza kuhusu mitaa ya mabanda kana kwamba ni maradhi yaliyoliangukia jiji kutoka mbinguni. Lakini chukua ramani ya Nairobi uitazame vizuri. Mathare imepakana na Muthaiga. Kawangware iko jirani ya Lavington. Kangemi iko hatua chache kutoka Westlands, Githogoro iko ubavuni mwa Runda, na Deep Sea iliota kando ya Parklands. Mukuru nayo imelikumbatia Eneo la Viwanda.

Je, hayo yalitukia kwa bahati? La, hasha. Kila penye nyumba kubwa pana nguo za kufua, bustani ya kupalilia na lango la kulinda. Kila penye kiwanda pana mizigo ya kubeba. Mtu wa mshahara mdogo hana budi kuishi mahali anapoweza kufika kwa miguu. Tusipompangia nyumba, atajitafutia bati na mbao mahali palipobaki: kando ya mto, chini ya nyaya za umeme, karibu na reli. Mtaa wa mabanda ni makao ya wafanyakazi ambayo hakuna aliyejishughulisha kuyapanga.

Tena, si kweli kwamba makao hayo ni rahisi kama tunavyodhani. Mwaka 2017, Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la kupangwa upya. Uchunguzi uliofanywa huko ulionyesha kwamba anayenunua maji kwa mtungi hulipa zaidi, kipimo kwa kipimo, kuliko mwenye bomba ndani ya nyumba katika mitaa ya wenye nacho. Ajabu ya Musa! Maskini analipa bei ya juu kwa huduma ya chini.

Kubomoa nako hakujawahi kuondoa haja ya mtu kulala karibu na kazi yake. Muoroto ilibomolewa Mei 1990. Nyumba za Kibera zilivunjwa Julai 2018 ili barabara ipite. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024, waliokuwa wakiishi kingoni mwa mito huko Mathare na Mukuru waliondolewa na tingatinga. Ni kweli kwamba ukingo wa mto si mahali pa kulea mtoto. Lakini asubuhi iliyofuata, bawabu alitakiwa langoni kama kawaida.

Tusisahau pia yaliyotokea Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya corona. Watu wakifanya haraka kuvuka kivuko cha Likoni wafike makwao kabla ya saa moja jioni, walikumbana na polisi na moshi wa kutoa machozi. Wengi walikuwa wafanyakazi waliotoka kisiwani Mombasa baada ya kazi. Siku ile kila aliyekuwa na macho aliona maana ya kufanya kazi upande huu wa maji na kulala upande ule.

Deni la zamani

Tatizo hili lina mizizi mirefu. Nairobi ilipoanza kuwa kituo cha reli mwaka 1899, mkoloni aliitaka mikono ya Mwafrika lakini hakumtaka Mwafrika mwenyewe. Alimtengea mtaa wake, akamning'iniza kipande shingoni, na kumtarajia arudi kijijini kazi ikiisha. Chumba kilikuwa cha mtu kapera, kana kwamba mfanyakazi hana mke wala watoto. Hata leo, jina la Bachelors bado lasikika Ngara.

Wafanyakazi hawakunyamaza. Walipogoma huko Mombasa mwaka 1939, kodi ya nyumba ilikuwa mojawapo ya malalamiko makubwa. Mwaka 1954, kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilikiri kwamba mishahara ya Waafrika ilikadiriwa kwa mahitaji ya kapera, ikapendekeza mshahara unaoweza kutunza jamaa nzima.

Hatusemi kwamba enzi zile zilikuwa njema. Lakini mfanyakazi wa reli aliyepewa nyumba Muthurwa au Makongeni alikuwa karibu na karakana. Mitaa kama Kaloleni, Bahati na Jericho ilijengwa pahali ambapo mtu angeweza kutembea hadi kazini na kurudi kabla giza halijaingia. Jambo hilo liliwezekana wakati jiji lilikuwa na pesa kidogo kuliko sasa. Kwa nini lishindikane leo?

Sheria ipo

Pengine utashangaa, msomaji, ukijua kwamba sheria imekwisha kulijibu swali letu. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wake makao yanayofaa, mahali pa kazi au karibu napo. Asipofanya hivyo, amlipe juu ya mshahara fedha za kutosha kupanga makao hayo. Waajiri wengi husema kwamba kodi tayari imejumlishwa katika mshahara, na kweli sheria huruhusu mapatano ya namna hiyo. Lakini sheria haisemi kwamba kujumlisha ni kufuta.

Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao ya kutosha na usafi wa kiwango kinachofaa. Haikusema kila mwenye gari.

Isitoshe, tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, naye mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Yule mfagiaji wetu wa shilingi 18,530 hukatwa kama shilingi 278 kila mwezi. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ndiye aliyekusudiwa nyumba za kijamii, zile za bei ya chini kabisa. Maana yake ni kwamba si ombaomba huyu. Ni mchangiaji anayengojea zamu yake.

Mifano michache ya kutia moyo ipo. Mwaka 2016, nyumba 822 zilikabidhiwa wakazi wa Soweto Mashariki huko Kibera. Mei 2025, nyumba 1,080 za kwanza za mtaa mpya wa Mukuru zilitolewa, tena mlangoni mwa Eneo la Viwanda kwenye kazi. Lakini idadi hiyo ni tone katika bahari. Tena tunajua mchezo wa mjini: nyumba hujengwa kwa jina la mnyonge, kisha mwenye kujiweza huikodi kwa bei asiyoimudu mnyonge. Jambo hilo limetokea hata majumbani mwetu. Kile chumba cha uani kilichojengewa mtumishi, leo amekodishwa karani wa benki, na mtumishi ametumwa akatafute kwake Kangemi.

Wewe na mimi je?

Labda utasema, "Mimi si serikali, wala sina ploti." Kweli, lakini una mengi ya kufanya. Kwanza, mwulize anayekufanyia kazi anaishi wapi, anatoka saa ngapi na hutumia nauli kiasi gani. Kisha ulitie jibu hilo katika hesabu ya mshahara wake, na wala si katika fadhila za Krismasi. Ikiwa unaweza kumruhusu aondoke saa kumi na moja badala ya saa moja, mruhusu. Vyombo vya jioni havitakimbia.

Pili, wewe mzazi, wafunze wanao kuwaamkia watu hawa. Mtoto anayemwamkia mwalimu "Shikamoo" na kumpita bawabu kama nguzo amekosa malezi, hata akipita mitihani yote.

Tatu, kaunti inapotangaza mpango wa kujenga nyumba za kodi nafuu karibu na mtaa wenu, usiwe wa kwanza kutia sahihi barua ya kupinga. Una haki ya kuuliza habari za maji, mabomba ya maji machafu na barabara. Hayo ni maswali ya haki, na majengo mabovu yamewaua watu wengi nchini. Lakini sababu ikiwa ni kwamba hutaki "watu wa aina ile" wawe majirani, kumbuka kwamba kutwa nzima wamo ndani ya jikoni yako, na funguo za nyumba yako unawakabidhi wao.

Siku hiyo kikao cha wananchi kitakapoitishwa, nenda. Nawe ukienda, mpe yaya au bawabu wako ruhusa aende pia, bila kumkata siku. Ushuru wa nyumba hukatwa wote wawili, naye ndiye anayejua vizuri zaidi urefu wa njia.